Kalavati la Mama Mkwe

Ninyi mnaoanza kazi ya barabara sasa hivi, na kofia zenu ngumu ambazo hazijapata hata mkwaruzo, mmeniomba nieleze kazi ilivyokuwa zamani. Nilitaka kukataa. Mstaafu akipewa nafasi ya kusema hujigeuza shujaa, na mimi sina ushujaa wa kuwapa. Nilikuwa fundi sanifu wa ujenzi mkoani Rukwa, na sehemu kubwa ya umri wangu niliimalizia kuangalia maji yanavyopita chini ya barabara. Nimejenga makalavati mengi. Moja kati ya hayo ndilo zuri kuliko yote, na hilo ndilo nisilopita. Nikitaka kushuka Mtowisa namwambia kijana wa bodaboda apitie njia ya juu, ndefu na yenye mashimo, naye hunitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Nitawaambia sababu. Lakini kwanza tuelewane kalavati ni kitu gani, maana wengi wenu mnadhani mnajua.

Mmefundishwa kuwa kalavati ni tundu la kupitishia maji. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Michoro ililetwa kutoka makao makuu, mchoro mmoja kwa nchi nzima: bomba la zege la kipimo fulani, ukuta huku na ukuta kule wa kushikilia udongo, mteremko kidogo ili maji yasituame. Mto wa Pwani na mto wa Ufipa ulikuwa mchoro ule ule. Sisi hatukuona ubaya. Maji yanapita, lori halizami, kazi imekwisha, twende tukale.

Aliyenitoa ushamba ni Injinia Gervas. Alihamishiwa kwetu kutoka Kilombero, mtu mfupi wa tumbo kubwa, aliyeilaani baridi ya Sumbawanga tangu siku aliyoteremka kwenye basi. Alivaa sweta juu ya sweta hata mwezi wa kumi. Mchana alikula samaki akimpata, na asipompata alinung'unika mpaka saa za kufunga ofisi. Siku ya kwanza kutoka naye kukagua barabara tulisimama kwenye kalavati la kawaida kabisa. Nikachungulia kutoka juu, nikasema liko salama. Yeye akateremka mtaroni, akavua kofia, akalala kifudifudi kwenye matope mbele ya mdomo wa bomba.

"Njoo," akaniambia.

"Hata hapa juu naona vizuri, injinia."

"Hapo juu unaona barabara. Barabara nimeshaiona. Lala hapa."

Nililala, na suruali yangu mpya ya kazi. Basi la kutoka Tunduma likafika, likapunguza mwendo, likasimama. Konda akaruka chini akatukimbilia huku abiria wamejaa madirishani.

"Wazee, mmegongwa?"

"Bado," Gervas akamjibu bila kuinua kichwa. "Endeleeni na safari."

Lilipoondoka akaniambia, "Sasa wewe ni samaki. Uko upande wa chini, unataka kwenda juu kutaga. Unaona nini?"

Niliona mdomo wa bomba uko juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka hapo mpaka kwenye shimo yalilolichimba yenyewe, na yale yaliyokuwa ndani ya bomba yalikuwa membamba na ya kasi, hayawezi kufunika hata kiganja. Nikamwambia naona maji yanaanguka.

"Utayapandaje?"

"Siwezi."

"Basi hilo ndilo kalavati ulilosema liko salama."

Hayo ndiyo masomo yangu yote, vijana. Mengine ni maelezo tu, nami nitawapa kama alivyonipa. Bomba likiwa jembamba kuliko mto, maji yanabanwa, yakibanwa yanakasirika, na yakitoka kule chini yanachimba. Kila masika yanachimba zaidi, mpaka mdomo unaning'inia hewani. Kwa hiyo usiweke bomba juu ya sakafu ya mto. Lifukie, chini yake kabisa, kina cha kuanzia kiwiko hadi kiganja, ili mto uingie mle ndani na mchanga wake na changarawe zake na usijue kama kuna barabara. Upana uwe wa mto wenyewe wakati maji yamejaa kawaida, usipime kiangazi. Mteremko uwe ule ule wa mto, na ukiweza uupunguze. Ndani weka mawe, tena yasipangwe kwa mistari kama maharage. Yapishane, ili samaki akichoka apate mgongo wa jiwe wa kupumzikia. Upande wa chini panga mawe makubwa kukata mto, maji yarudi nyuma na kusimama hadi mdomoni. Hakuna ugumu wowote hapo. Ugumu uko kwingine.

Sasa niwaambie habari za wakwe zangu. Mke wangu Krisensia anatoka kijiji kimoja nje ya mji, upande wa kushukia bondeni, na kando ya kijiji hicho kuna kijito kinaitwa Kalumbwe. Kabla ya barabara, pale ambapo kalavati lipo sasa hapakuwa na mto wa kuuonyesha kwa kidole. Lilikuwa bwawa la majani, maji yakitambaa kwa vijia vingi, huku kimoja kule kingine, mtu anavuka kwa kurukaruka. Mvua za kwanza zikipiga, kambale waliokaa kiangazi kwenye madimbwi ya chini walipanda kupitia vijia hivyo hadi kwenye nyasi zilizofurika juu ya kijiji, wakataga huko. Wazee walikuwa na sheria moja juu yao: kambale anayepanda haguswi. Anaguswa wakati wa kushuka tu, maji yanapopungua, akiwa ameshaacha watoto. Na wakati wa kushuka ukiangalia vizuri huwa unaangukia Kwaresima, kwa hiyo kijiji kizima cha Wakatoliki kilikuwa na samaki wa Ijumaa bila kwenda sokoni. Wanawake walitega migono, ile mitego ya kusuka kama kikapu chenye koo, na hodari wa kusuka migono kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, Mama Leonida.

Mama Leonida aliongea Kifipa muda wote. Akikasirika ndipo aliingia kwenye Kiswahili, kana kwamba anahutubia serikali. Nilimwogopa, na ilikuwa halali yangu kumwogopa, maana mkwe habishani na mama mkwe. Unaitikia, unatazama chini, unakubali hata lisilokubalika. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Ikaja enzi ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mnakuta kila mtu anauza anachotaka, hamwezi kuelewa ilivyokuwa. Mahindi yetu yalikuwa yananunuliwa na serikali, halafu ghafla yakawa ya yeyote mwenye lori. Wafanyabiashara walimiminika Ufipa wakati wa mavuno, wakaingia hadi vijijini, na kila mtu akataka barabara, tena mara moja. Idara yetu ikaanza kupunguzwa, mitambo ikauzwa, kazi zikapewa wakandarasi. Mkandarasi aliyepata kipande cha Kalumbwe alitoka mbali. Mimi wakati huo nilikuwa Mtowisa, napambana na drifti tuliyojenga mtoni na ng'ombe wa wafugaji walioikataa. Drifti, kwa wasiojua, ni sakafu ya zege ya kuvukia mtoni. Msukuma mmoja mwenye kundi kubwa aliniambia kwa upole kabisa, "Shida si maji, mzee. Ng'ombe wangu hawapendi sauti ya maji yanayoanguka." Nilikaa kusikiliza, na kweli ile drifti ilikuwa imeshaanza kuning'inia upande wa chini. Ng'ombe waliijua kasoro hiyo kabla yangu. Niliporudi mjini, Kalumbwe walikuwa wamekwisha maliza.

Walitupa tuta la udongo katikati ya bwawa la majani, vijia vyote wakavifukia, maji yote wakayaelekeza kwenye bomba moja. Bomba lenyewe liliwekwa juu ya sakafu ya mto. Wanakijiji waliuliza kwenye mkutano samaki watapita wapi, na msimamizi wa mkandarasi, kijana mcheshi, akajibu kuwa kambale ni samaki anayejua kutembea, atapanda tuta na kuvuka barabara mwenyewe. Watu wakacheka. Mimi nilisimuliwa.

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Kambale kwenye mvua hutambaa nchi kavu. Masika ya kwanza walifika kwenye bomba, wakakuta ukuta wa maji, wakajaribu, wakashindwa, wakapanda tuta. Wakavuka barabara. Na barabara ilikuwa na malori ya mahindi.

Mama Leonida alikuja nyumbani kwangu Mazwi, pale mjini, asubuhi, amelowa, amepanda lori hilo hilo la mahindi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Akaweka mezani jani la mgomba lililokunjwa, akalifungua. Alikuwa kambale mmoja mkubwa, amekuwa mwembamba kama soli ya kiatu, mayai yametoka pembeni.

"Mkwe," akasema kwa Kiswahili, "huyu ni wako."

"Mama, mimi sikuwepo. Nilikuwa Mtowisa."

"Barabara ni ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Na wewe unafanya kazi kwa nani?"

Krisensia alikimbilia jikoni, nadhani kucheka au kulia, sikumuuliza. Mimi nilitazama chini. Yule samaki alikaa pale mezani hadi mama mkwe alipoondoka, hakuna aliyethubutu kumtoa.

Mwaka uliofuata hawakupanda tena. Kwaresima watu wa Kalumbwe walikula dagaa wa Tanganyika kutoka sokoni, walio na uwezo, na wengine walikula ugali wa ulezi na mboga za majani. Nilimpeleka Injinia Gervas akaone. Alikuwa ameshapata barua ya kupunguzwa kazi na alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Alilala kifudifudi kama kawaida yake, akakaa muda mrefu kuliko nilivyozoea, halafu akaninyooshea mkono nimwinue.

"Hapa kuna jambo baya zaidi ya bomba," akasema. "Mto huu unaporomoka wapi?"

"Kwenye ukingo wa bonde. Kuna maporomoko."

"Marefu?"

"Marefu sana, injinia."

"Basi samaki wa Ziwa Rukwa hawawezi kuja huku kuongeza nguvu. Hawa wa juu ni wa juu tu. Wakiisha, wameisha, hakuna kwa kuazima." Akapangusa tumbo. "Mungu mwenyewe aliweka kalavati baya pale ukingoni, lakini alikuwa na sababu zake. Sisi hatuna."

Akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akanichorea pale pale namna ambavyo yeye angejenga. Kalavati la mstatili, pana, limefukiwa, mawe ndani, dimbwi chini. Aliondoka wiki hiyo na masweta yake. Hatukuonana tena.

Nitawafundisha kitu ambacho hakukichora. Tuta la Kalumbwe lilikatika masika ya sita, maana bomba lilikuwa dogo, kama alivyosema. Msimamizi mpya wa mradi alikuwa injinia kijana, msomi, mtu mwema. Nilimweleza habari za samaki, akatabasamu. "Mzee wangu, samaki wanalipa kodi ya barabara?" Nikarudi kwake kesho yake. Sikutaja samaki hata kidogo. Nikamwambia habari za malori: kwamba tundu likiwa pana kama mto, tuta halikatiki; likifukiwa, maji hayachimbi msingi; mawe ndani yakipunguza kasi, kuta hazibomoki. Kila neno lilikuwa kweli. Akasaini. Kwa hiyo, vijana, mkitaka kumpitisha samaki, mpitisheni ndani ya lori. Huo ndio ujanja pekee niliougundua mwenyewe katika maisha yangu yote ya kazi.

Tulijenga. Nilisimamia kila toroli la zege. Mafundi walidhani nimerogwa, mzee mzima anachagua mawe moja moja na kuyageuza kama mwanamke anayechagua nyanya. Mama Leonida alikuja kuona, akainama, akachungulia, akasema kwa Kifipa kwamba sasa hili lina sura ya mto. Akakaa kwenye ukuta akala muhogo. Sikumbuki siku nyingine niliyojiona mtu mwenye maana namna ile.

Kabla ya mvua nikapita kukagua. Nikakuta mawe yote yametupwa kando ya barabara, sakafu ya kalavati imefagiwa, inang'aa. Mkandarasi mdogo wa matengenezo alikuwa amekabidhiwa kusafisha makalavati ya kipande kile, na mnyapara wake alinipokea kwa furaha. "Shikamoo mzee. Tumekusafishia. Lilikuwa limeziba vibaya sana, sasa hata ukiinama unaona upande wa pili." Ningemfokea vipi? Alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko wengi. Tuliyarudisha mawe, safari hii tukayapanda ndani ya zege bichi hadi nusu, yasing'oleke. Mfanye hivyo. Na mkimaliza andikeni ukutani kwa rangi kwamba mawe ni sehemu ya kazi, ingawa mtu mwenye beleshi huwa hasomi.

Mvua za kwanza zilipopiga nilikuwa pale. Ilikuwa alasiri, na magoti yangu yalikuwa bado yanakubali. Nililala kifudifudi upande wa juu wa kalavati, maji ya kahawia yanapita taratibu yakizunguka mawe, na sikuona kitu kwa muda mrefu. Halafu nikaona masharubu. Kambale mmoja alikuwa amepumzika nyuma ya jiwe nililolichagua kwa mkono wangu, anapumua. Akajipinda, akasogea jiwe la pili, akapumzika tena, akatoka, akapita chini ya kidevu changu kuelekea nyasini. Nyuma yake wakaja wengine. Nililia, ndiyo. Krisensia alisimama juu na mwavuli, akauliza kama nimeumia.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa.

Masika yaliyofuata shemeji yangu Deusi, kaka yake Krisensia, alifika Mazwi kwa baiskeli. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na magunia mawili, na juu yake kikapu kizuri kimefunikwa kitambaa cheupe cha kanisani. Akasema kikapu ni changu mimi, zawadi kutoka kwa mama. Magunia yanakwenda sokoni.

"Mama anasema ahsante kwa kalavati. Ameniagiza nikupe wewe wa kwanza kabla sijauza hata mmoja."

Nilifunua. Kambale wamebanikwa, wamejikunja wamepangwa vizuri kwa duara kama anavyopanga yeye. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nikamchukua mmoja nikamfungua. Alikuwa amejaa mayai. Nikafungua wa pili. Nikafungua wote, Deusi ananitazama anadhani nina njaa.

"Shemeji, hawa mmewatega wakipanda?"

"Ndiyo. Wanapanda sasa hivi, tena kwa wingi."

"Mmewategea wapi?"

Akacheka kwa mapenzi kabisa. "Pale pale kwako. Umetutengenezea mlango, shemeji. Zamani ukitega huku, wao wanapita kule, huwezi kuwamaliza hata ufanyeje. Sasa wote wanapita sehemu moja. Mama kasuka mgono mmoja tu, mkubwa, unaenea tundu lote. Unaweka jioni, asubuhi umejaa."

Nilikaa chini. Nilimuuliza habari za ile sheria ya wazee, ya kutomgusa anayepanda. Deusi alifikiri kidogo, maana ni mtu mkweli.

"Ile? Mama alitukumbusha. Lakini shemeji, wakati samaki hawapo, tungeshika sheria ya nini? Vijana wamekua hawajawahi kumwona kambale anapanda wala anashuka. Siku ile waliporudi, watu walikuja hata kutoka mjini na baiskeli kuwachukua. Mama akasema kama ni kuchukuliwa, bora tuchukue sisi wenye mto. Mbolea tunanunua wenyewe siku hizi, na shule wanataka michango. Tufanyeje?"

Sheria yao ilikufa ile miaka ambayo bomba la kwanza liliwafungia samaki nje, na mimi niliwarudisha samaki bila kuirudisha sheria. Hata Gervas hakuichora kwenye mfuko wa saruji. Bwawa lile la majani lilikuwa linawalinda kwa sababu lilikuwa na njia nyingi, na sisi wajenzi, mbaya na mzuri, wote wawili tulilifanya kuwa na njia moja. Yule wa kwanza aliifunga. Mimi niliiacha wazi, ikatoshea mgono.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaitisha mkutano, watu wakakubali kwa kupiga makofi kwamba hakuna kutega kwenye kalavati. Wakachagua mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu wa kuaminika, na mgono wake ndio uliokuja kukutwa pale baada ya Krismasi. Niliomba tuongeze matundu mengine kwenye tuta, kuwafungulia vijia vya zamani. Wakati huo nami barua yangu ya kupunguzwa ilikuwa njiani, na hakuna aliyemsikiliza mtu aliyekwisha pungua.

Masika ya baada ya hapo walipita wachache. Yaliyofuata hawakupita.

Mkijenga mahali pa bwawa la majani, wekeni matundu mengi, yatawanyeni, msikusanye mto. Nawaambia hivyo kwa sababu ndiyo kazi sahihi, na mtu wa kazi hufanya kazi sahihi. Sisemi kwamba itasaidia. Mkiweka matundu kumi mtu atasuka migono kumi, kama mahali hapo hakuna mtu mwingine wa kumwambia aache. Mtaongea na malori, mtaongea na msimamizi, mtaweka mawe. Lakini huyo wa kumwambia mtu aache hakuna mkandarasi anayemjenga, na sijui anajengwaje. Nilidhani nikizeeka nitajua.

Mama Leonida bado yu hai. Miaka hii haoni vizuri, na Kwaresima tunamleta Mazwi akae na binti yake. Ijumaa moja mwaka huu Krisensia aliweka dagaa mezani. Bibi alipapasa sahani kwa vidole, akawatambua. Halafu akageuka upande wangu na kuniambia kwa Kifipa, pole pole, bila hasira yoyote, maana amesahau hasira zote:

"Mkwe, lile tundu lako la pili lilikuwa zuri. Mwaka ule walipita mpaka tukachoka kuwatoa. Sasa mbona hawapiti tena? Litakuwa limeharibika mahali."

Krisensia alinitazama, kisha akatazama dagaa. Mimi nilitazama chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Inawezekana, mama," nikamwambia. "Nitakwenda kuliangalia."

Akaridhika, akala. Kila Ijumaa ananiuliza kama nimekwenda, na kila Ijumaa namwambia nitakwenda wiki ijayo. Sijakwenda. Najua nitakachokikuta: kuta zimesimama, mawe yako mahali pake, maji yanapita taratibu mpaka dimbwini kama yalivyochorwa, na hakuna kitu kilichoharibika ambacho naweza kukitengeneza.